Protista Haistahili Kuitwa Ufalme

Kimelea kinacholeta bakajani chelewa kwenye viazi na nyanya, Phytophthora infestans, hukua kwa nyuzi nyembamba zinazopenya ndani ya jani, kisha hutoa spora upande wa chini wa jani na kuacha utando mweupe unaoonekana vizuri hali ya hewa ikiwa na unyevu. Ukikitazama kwa macho tu utasema ni fangasi, na kwa muda mrefu vitabu vilikiandika hivyo. Lakini si fangasi. Ukuta wa seli zake umejengwa kwa selulosi na glukani, wakati fangasi hutegemea kitini. Nyuzi zake kwa kawaida hazina kuta za kati. Viini vyake hubeba seti mbili za kromosomu karibu maisha yote, ilhali fangasi wengi huishi zaidi wakiwa na seti moja. Na spora zake zinazoogelea zina mijeledi miwili, yaani mikia ya kuogelea, mmoja laini na mwingine wenye vinyweleo. Ndugu zake wa karibu ni mwani wa kahawia na diatomu, mwani wa seli moja wenye ganda la silika.

Hili si suala la jina kwenye karatasi. Dawa za kundi la triazoli, kama tebukonazoli, huua fangasi kwa kuzuia utengenezaji wa ergosteroli, ambayo huimarisha utando wa seli zao. Phytophthora haitengenezi ergosteroli kabisa. Steroli inayohitaji huichukua kutoka kwenye mmea inaoushambulia. Anayepulizia triazoli peke yake dhidi ya bakajani chelewa anamwaga dawa bure. Metalaksili nayo ni kinyume chake: hushambulia kimeng'enya kinachotengeneza RNA ya ribosomu (ribosomu ni mtambo wa seli wa kujenga protini) katika kundi hili, na haina msaada dhidi ya ubwiri unga, ambao husababishwa na fangasi halisi. Ubwiri vinyoya, ambao wengi huuchanganya na ubwiri unga, unatokana na jamaa wa Phytophthora, kwa hiyo metalaksili huuweza. Mankozebu hufanya kazi pande zote mbili kwa sababu huharibu vimeng'enya vingi kwa pamoja, lakini hubaki juu ya jani: huzuia spora kuota, haiponyi jani ambalo kimelea kimeshaingia. Ndiyo maana dawa hizi mbili huuzwa zikiwa zimechanganywa. Metalaksili hugusa sehemu moja tu ya kimelea, na badiliko dogo la jeni linatosha kuifanya isifue dafu.

Mfano huu unaonyesha ufalme, yaani kundi kubwa la kupangia viumbe, ni kitu gani katika sayansi. Ukisema kiumbe fulani ni fangasi unatoa dai kuhusu ukoo wake, na dai hilo hubeba utabiri: ukuta wake utakuwa na kitini, utando wake utakuwa na ergosteroli, chakula chake cha akiba kitakuwa glikojeni. Utabiri ukishindwa, dai linatiliwa shaka. Kwa kipimo hicho Fangasi ni ufalme unaofanya kazi, Wanyama vilevile, na Mimea pia. Ukisema kiumbe ni protista, jina la viumbe wenye kiini ambao si wanyama, mimea wala fangasi, hujatabiri lolote isipokuwa kwamba seli zake zina kiini. Naona wakati umefika wa kuiondoa Protista kwenye orodha ya falme, hata kwenye vitabu vya wanaoanza kusoma biolojia.

Ili kuona tulifikaje hapa, turudi kidogo nyuma. Carl Linnaeus, katika kitabu chake cha mwaka 1735, aligawa maumbile katika falme tatu: wanyama, mimea na madini. Viumbe hai walikuwa na falme mbili tu, na uyoga ukahesabiwa kuwa mmea kwa sababu hauendi popote. Mwaka 1866 Ernst Haeckel aliongeza Protista ili kuwapa mahali viumbe wadogo ambao hawakukaa vizuri upande wowote. Mwaka 1938 Herbert Copeland aliwatenga bakteria katika ufalme wao. Mwaka 1969 Robert Whittaker akatoa mfumo wa falme tano ambao bado unatawala madarasani: Monera (viumbe ambao seli zao hazina kiini), Protista, Fangasi, Mimea na Wanyama.

Whittaker anastahili heshima kubwa. Alitumia vigezo vitatu vilivyo wazi: seli ina kiini au haina, kiumbe ni cha seli moja au nyingi, na kinapataje chakula. Wanaotengeneza chakula kwa mwanga wakawa mimea, wanaofyonza wakawa fangasi, wanaomeza wakawa wanyama. Kuwatoa fangasi kwenye mimea ulikuwa uamuzi sahihi, na ushahidi wa baadaye ukaonyesha kwamba fangasi wako karibu na wanyama kuliko mimea. Kasoro iko kwenye kigezo chenyewe. Namna ya kula ni namna ya kuishi, na namna ya kuishi inaweza kujitokeza mara nyingi katika koo tofauti kabisa. Phytophthora hufyonza chakula kama fangasi kwa sababu kazi ya kupenya tishu za mmea inadai umbo la uzi, haijalishi babu alikuwa nani.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na Carl Woese na George Fox mwaka 1977, na inafaa kuitazama kazi yao kwa karibu, maana mara nyingi husimuliwa kana kwamba walisoma jeni nzima kwa mashine. Mashine hizo hazikuwepo. Walikuza vijidudu katika lishe yenye fosforasi ya mionzi, wakatoa RNA ya sehemu ndogo ya ribosomu, kisha wakaikatakata kwa kimeng'enya T1, ambacho hukata kila baada ya herufi G. Vipande vilivyopatikana vilitenganishwa kwa umeme katika pande mbili, vikaacha madoa kwenye filamu ya eksirei. Kila doa lilichunguzwa tena hadi mpangilio wa herufi zake ujulikane, na vipande vya herufi sita au zaidi viliwekwa katika orodha ya kiumbe husika. Kulinganisha orodha hizo ndiko kulikozaa ugunduzi. Vijidudu vinavyotoa gesi ya methani, vilivyohesabiwa miaka yote kuwa bakteria wa kawaida, vilikuwa mbali na bakteria karibu sawa na walivyo mbali na viumbe wenye kiini.

Kwa nini RNA ya ribosomu? Kila kiumbe chenye seli kinayo, kazi yake ni ileile kwa wote, na hubadilika polepole kiasi cha kuhifadhi alama za mabilioni ya miaka. Kwa bakteria ina herufi zipatazo 1,500, na kwa viumbe wenye kiini hukaribia 1,800 au zaidi. Hiyo ni habari ya kutosha kulinganisha, na si ndefu kiasi cha kushindwa kusomeka. Mwaka 1990 Woese, Otto Kandler na Mark Wheelis walipendekeza ngazi iliyo juu ya ufalme, yaani domeni, na domeni zikawa tatu: Bakteria, Arkea (wakiwemo wale watoa methani) na Yukaria (viumbe wenye kiini).

Hapo Monera ilianguka. Arkea na bakteria wanafanana kwa kukosa kiini, basi. Mafuta ya utando wa arkea yameunganishwa kwa vifungo vya etha, ya bakteria kwa vifungo vya esta. Ukuta wa arkea hauna peptidoglikani, hivyo penisilini, ambayo huvuruga ujenzi wa peptidoglikani, haiwadhuru. Kimeng'enya chao cha kunakili DNA kwenda RNA kinafanana zaidi na chetu. Kukosa kitu fulani si ushahidi wa undugu, na Monera ilijengwa juu ya kukosa kiini.

Protista ina kasoro hiyohiyo, tena kwa kiwango kibaya zaidi, lakini yenyewe haijaondolewa. Kundi halali la ukoo ni babu mmoja pamoja na wazao wake wote. Protista ni wazao wote wa babu wa viumbe wenye kiini, ukitoa wanyama, mimea na fangasi. Ni sawa na kuchukua wajukuu wote wa babu mmoja, ukawatenga watoto wa binti zake watatu, kisha waliobaki ukawaita ukoo. Koanoflajelati, viumbe vya seli moja vyenye mjeledi mmoja uliozungukwa na kola ya vinyweleo, ndio jamaa wa karibu kabisa wa wanyama kati ya viumbe vyote ambavyo si wanyama. Mwani wa kijani ni ndugu wa damu wa mimea ya nchi kavu. Kelpi, ule mwani mkubwa wa kahawia unaofanya misitu chini ya bahari, hauna undugu wa karibu na mimea wala na mwani wa kijani: una klorofili c, huhifadhi laminarini badala ya wanga, na kloroplasti zake zimezungukwa na tando nne. Amiba na ukungu ute wako tawi moja, nalo liko karibu na tawi letu sisi na fangasi. Kuwaweka wote hawa katika ufalme mmoja kunamfundisha msomaji kwamba amiba yuko karibu na kelpi kuliko alivyo karibu na mnyama. Huo ni uongo.

Tazama tena Plasmodium, kimelea cha malaria. Katika mfumo wa falme tano kinaitwa protista na mjadala unaishia hapo. Ukiufuata ukoo wake unakuta jambo lenye manufaa makubwa: ndani ya seli yake mna apikoplasti, mabaki ya kloroplasti iliyotokana na mwani mwekundu uliomezwa zamani sana. Utambulisho huo ulithibitishwa katika miaka ya 1996 na 1997. Apikoplasti haifanyi usanisinuru tena, lakini ina tando nne, ina DNA yake fupi, na ina ribosomu za aina ya bakteria, kwa sababu kloroplasti zote asili yake ni bakteria. Ndiyo maana doksisaiklini, dawa ya bakteria, huweza kukiua kimelea cha malaria. Na hueleza pia kwa nini inachelewa: kizazi kinachopewa dawa humaliza mzunguko wake wa saa 48 kikiwa hai, kinachokufa ni kizazi kinachofuata kilichorithi apikoplasti mbovu. Hivyo katika matibabu haitumiwi peke yake. Huunganishwa na dawa ya kasi kama kwinini. Ila katika kujikinga hutumika yenyewe.

Upo pia mfano wa upande wa pili, unaofundisha kiasi. Pneumocystis, kinacholeta nimonia kwa watu wenye upungufu mkubwa wa kinga, kiliwekwa kwa miongo mingi miongoni mwa protozoa. Mwaka 1988 mfuatano wa RNA ya ribosomu ulionyesha kuwa ni fangasi. Mtu angetarajia dawa za fangasi zikitibu mara moja. Hazikutibu. Utando wa Pneumocystis unatumia kolesteroli, si ergosteroli, kwa hiyo amfoterisini B na dawa za kundi la azoli hazina cha kushika, na kotrimoksazoli imebaki kuwa chaguo la kwanza. Ukoo hutoa utabiri wa kuanzia, maabara ndiyo inayotoa hukumu. Anayechukua ufalme kama jibu la mwisho atakosea sawa na asiyeujua kabisa.

Leo mtaalamu akipewa kiumbe kisichojulikana huanza na darubini: kiini kipo au hakipo, mijeledi ni mingapi na imechomoka wapi, ukuta upo au haupo. Kisha hutoa DNA na kuzidisha jeni ya RNA ya ribosomu kwa PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, kwa kawaida mizunguko 30 hadi 35. Kila mzunguko hupasha joto hadi nyuzi 95 hivi ili nyuzi mbili za DNA ziachane, hushuka hadi kati ya 50 na 60 ili praima, vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia nakala, zishike, na hupanda hadi 72 ili nakala ijengwe. Nakala husomwa, hupangwa sambamba na za viumbe wanaojulikana ili kila safu iwe na herufi zenye asili moja, kisha kompyuta hujenga mti wa ukoo. Ili kupima uimara wa kila tawi, safu huchaguliwa upya kwa nasibu, mara nyingi mara 1,000, na mti hujengwa tena kila mara. Tawi linalojitokeza chini ya asilimia 70 ya mara hizo, wengi hawalitegemei.

Hatua hizi husikika nyepesi, na hapo ndipo makosa huingia. Anayetafuta bakteria ndani ya jani huishia na maelfu ya mifuatano inayoonekana kama ya sianobakteria, bakteria wanaofanya usanisinuru, kumbe ni kloroplasti za jani lenyewe. Lazima ichujwe kabla ya kuhesabu lolote. Spora moja ya fangasi kutoka hewani ikidondokea sampuli yenye DNA haba inaweza kuzidishwa kuliko kiumbe kinachotafutwa. PCR ikikatizwa katikati, nakala nusu ya kiumbe mmoja hujiunga na nusu ya mwingine, na unapata kiumbe ambacho hakipo duniani. Dawa yake ni kupunguza mizunguko na kupitisha matokeo kwenye programu ya kuwinda mifuatano ya namna hiyo.

Kosa baya zaidi huwa kwenye mti wenyewe. Viumbe ambao jeni zao hubadilika haraka huwa na matawi marefu, na hesabu hafifu huyavuta matawi marefu pamoja hata kama hayana undugu. Mikrosporidia walinaswa hivyo. Ni vimelea wadogo wasioonyesha mitokondria ya kawaida, na miti ya mwanzo iliyojengwa kwa RNA ya ribosomu iliwaweka karibu na shina, ikidhaniwa wametokana na enzi ya kabla ya mitokondria. Baadaye jeni zenye asili ya mitokondria zilipatikana ndani yao, na mwaka 2002 mabaki ya mitokondria yenyewe yakaonekana kwa darubini ya elektroni. Sasa wanajulikana kuwa fangasi au ndugu wa karibu kabisa wa fangasi, waliopoteza mengi kwa kuishi ndani ya seli za wengine. Ndiyo sababu hakuna anayefaa kuanzisha ufalme kwa jeni moja. Huhitajika makumi au mamia ya jeni, zikiwa zimekaguliwa kuondoa zile zilizorukia kutoka ukoo mwingine, jambo ambalo kwa bakteria ni la kila siku.

Wapo wanaosema falme zifutwe zote. Siafikiani nao. Zina kazi ya vitendo ambayo watu husahau: kanuni za kutoa majina ya kisayansi zimegawanyika, wanyama wana zao, mimea, mwani na fangasi wana zao, na bakteria wana zao. Jina moja la jenasi linaruhusiwa kutumika pande mbili. Morus ni mforosadi kwa wataalamu wa mimea na ni ndege wa baharini kwa wataalamu wa wanyama, na hifadhidata isiyoandika ufalme itawachanganya. Tatizo huzidi kwa Euglena, mwenye kloroplasti aliyoipata kwa kumeza mwani wa kijani na anayeogelea kwa mjeledi, hivyo kanuni mbili zote humdai. Kwa bakteria na arkea, mwaka 2024 majina ya falme saba yalichapishwa rasmi chini ya kanuni zao, miongoni mwake Bacillati na Pseudomonadati. Virusi navyo vina mfumo wao wa ngazi, wenye falme ndani yake, usiohusiana na huu wa viumbe wenye seli.

Pendekezo lililojulikana zaidi la siku za karibuni, la Michael Ruggiero na wenzake mwaka 2015, lina falme saba: Bakteria, Arkea, Protozoa, Kromista, Fangasi, Mimea na Wanyama. Ni nafuu kubwa. Phytophthora, kelpi, diatomu na Plasmodium wote wanaingia Kromista. Lakini Protozoa inabaki kapu la masalia, nao waandishi hawakuficha kwamba si ukoo kamili. Wataalamu wa protista wenyewe, katika uainishaji wao wa 2005, 2012 na 2019, waliacha kabisa kutumia ngazi ya ufalme wakataja matawi kwa majina. Neno protista wanalitumia bado kwa mazungumzo, kama mtu asemavyo wadudu akimaanisha viumbe wadogo wasumbufu, pasipo kudai undugu.

Hoja ya kwamba matawi hayo ni mazito kwa mwanafunzi mchanga haina nguvu. Anayeweza kukariri Protista pamoja na mifano kumi isiyohusiana anaweza kujifunza kwamba wanyama, fangasi na amiba wako upande mmoja. Mimea ya nchi kavu, mwani wa kijani na mwani mwekundu upande mwingine. Na kwamba kelpi, diatomu, Phytophthora na Plasmodium wana tawi lao. Makundi matatu, kila moja na sababu yake, yanatosha kwa kuanzia.

Na mpaka wa juu kabisa bado unasogea. Mwaka 2015 DNA iliyotolewa kwenye tope la chini ya bahari ya Aktiki ilifichua arkea wa kundi la Loki, wenye jeni nyingi zilizodhaniwa kuwa za viumbe wenye kiini peke yao. Jamaa wa kundi hilo alikuzwa maabara na kutangazwa mwaka 2020 baada ya zaidi ya miaka kumi ya kazi. Seli zake huchukua siku 14 hadi 25 kujigawa mara moja. Ushahidi unaelemea upande wa domeni mbili, sisi tukiwa tawi ndani ya arkea, nami naukubali, ingawa wapo wenye hoja nzito za kutetea tatu. Kisha mwaka 2018 watafiti wa Kanada walichunguza seli chache za Hemimastigophora, viumbe vyenye safu mbili za mijeledi, waliotoka kwenye udongo, na kulinganisha mamia ya jeni. Hawakuingia tawi lolote kubwa lililojulikana. Mwaka 2022 wakaongezeka Provora, viumbe vidogo vinavyowinda na kumeza viumbe wengine wa seli moja. Katika kitabu chenye falme tano, wote hawa huandikwa kwenye ukurasa wa Protista, karibu na amiba.